Kuzuia na Kuruhusu: Habari za Neno Moja la Kiingereza

Katekista mmoja wa kwetu, aliyekaa miaka kadhaa ukimbizini nchini Uganda na kujifunza huko Kiingereza, alinijia siku moja jioni, Biblia ya zamani kwapani. Ilikuwa tafsiri ile ya Waingereza iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1611, zamani za mfalme wao James wa Kwanza. Alikuwa akiilinganisha na Biblia yake ya Kiswahili, apate kuyazoea maneno. Alipofika sura ya 5 ya kitabu cha Kutoka, alikwama.

“Mwalimu,” alisema, “neno hili limenishinda. Katika mstari wa kwanza Musa amtaka Farao awaruhusu watu waende zao, na neno la Kiingereza ni let. Hapo sina shida, maana nilifundishwa kwamba let ni kuruhusu. Lakini katika mstari wa 4 Farao awakemea Musa na Haruni kwa kuwazuia watu wasifanye kazi zao, na hapo tena neno ni let! Je, wachapaji walikosea? Ama Waingereza husema ndiyo na siyo kwa neno moja?”

Nilimjibu kwamba wachapaji hawakukosea. Lakini swali lake halikuniacha siku ile, wala siku zilizofuata, kwani nyuma ya neno hilo dogo lenye herufi 3 niliona swali kubwa kuliko la sarufi. Ndilo ninalotaka kulitazama hapa pamoja nanyi, wasomaji wapenzi. Yafaa kwanza tujue asili ya neno lenyewe, ndipo tutakapoweza kuuliza linatuhusu nini.

Zaidi ya miaka 1000 iliyopita, Waingereza walikuwa na maneno 2, si moja. La kwanza liliandikwa lætan, na vokali yake ya kwanza ilivutwa kwa urefu. Maana yake kuacha, kuachilia, kumpa mtu nafasi. La pili liliandikwa lettan, na vokali yake ilikuwa fupi. Maana yake kuzuia, kukawisha. Mtu aliyesikia hakuweza kuyachanganya. Walakini lugha husagika kwa kutumiwa, kama vile jiwe la kusagia lisagikavyo. Miisho ya maneno ilidondoka, vokali ndefu ikafupishwa, na baada ya karne kadhaa maneno yale 2 yakawa na sauti moja na maandiko mamoja. Hivi ndivyo ilivyokuwa mwaka 1611. Msomaji wa siku zile alijua maana kwa kuangalia maneno ya jirani, kama sisi tujuavyo kama mtu asemaye “paa” ataja mnyama wa porini au paa la nyumba.

Wazee waliowasikia mapadri Wafalama wakisemezana wenyewe kwa wenyewe katika misioni zetu watafurahi kujua kwamba lugha ya mapadri wale imeyahifadhi maneno yote 2 bila kuyachanganya hata leo. Mfalama atakaye kusema kuruhusu husema laten. Atakaye kusema kuzuia husema beletten. Tena mtu aliyechelewa husemwa kwamba amekuja te laat. Na Waingereza wana late, yaani kuchelewa. Angalieni jinsi maneno haya yanavyofanana: si kwa bahati, ni watu wa ukoo mmoja.

Maana ukifuata njia nyuma zaidi, maneno yale 2 ya Kiingereza cha kale yaliyokutana mwishoni yalikuwa yametoka pia katika nyumba moja mwanzoni. Shina lao ni kulegea. Katika Kigothi, lugha ambayo askofu Wulfila aliifasiria Biblia katika karne ya 4, neno lats la ukoo huo ni mvivu. Katika Kilatini binamu yao ni lassus, aliyechoka, ambaye kwa njia hiyo amewafikia Wafaransa nao husema las. (Mnaojua Kifaransa msidanganyike na laisser, kuacha: lafanana sana na neno la Kiingereza, tena maana yake ni ileile, lakini ni la ukoo mwingine kabisa, latoka katika laxare la Kilatini. Kufanana kwa sura si udugu.)

Basi kulegea kumezaaje kuruhusu na kuzuia pamoja? Tazama mtu ashikaye kamba ya mbuzi. Mkono ukilegea, mbuzi huenda: ameachiliwa, ameruhusiwa. Sasa tazama msafiri. Mguu ukilegea, msafiri hukawia njiani. Naye amlegezaye msafiri mwendo, amemzuia. Kulegea ni kule kule. Katika mkono wa mwenye nguvu kwafungua, na katika mguu wa mwenye safari kwafunga.

Nasi tusiwacheke Waingereza. Mama akimwambia mtoto wake “Acha!” amemkataza. Akimwambia dada yake “Mwache,” yaani mwache mtoto acheze, ameruhusu. Neno ni moja, na mtoto wa miaka 3 aelewa vizuri lini apewa ruhusa na lini anyimwa. Lakini kwa kuzuia kwenyewe Kiswahili kina maneno mengi, na kila moja lina picha yake. Kipingamizi ni gogo lililolazwa njiani, lapinga. Kikwazo ni kisiki kilichojificha majanini, mguu wakikwaa. Ndiyo maana katika mafundisho yetu dhambi ya kumkosesha mwenzio twaiita makwazo, kama Wagiriki walivyoiita skandalon kwa kufikiri mtego wa mnyama. Waingereza nao wana hinder, maana yake kumweka mtu nyuma, na obstacle waliyopokea kwa Kilatini, yaani kitu kisimamacho mbele yako. Katika picha hizi zote pana kitu kinachoonekana, gogo, kisiki, mtego, mtu aliyesimama. Katika let hakuna kitu. Pana wakati tu unaopita, na mtu asiyefika. Jambo hili tutalirudia.

Kitenzi hicho cha kuzuia kimekufa siku hizi vinywani mwa Waingereza, kama mti mkubwa uliokauka ukaacha machipukizi machache. Shakespeare alikijua bado: katika Hamlet, mchezo ulioandikwa karibu na mwaka 1600, mwana wa mfalme anapotaka kukifuata kivuli cha baba yake aliyekufa, rafiki zake wanamshika, naye anatisha kumgeuza mzuka mtu yeyote atakayemzuia, neno asemalo ni lets. Watazamaji wengi wa leo wanadhani asema atamwua mtu atakayemruhusu, wakashangaa. Katika mchezo wa tenisi mpira wa kuanzia ukigusa wavu kisha ukaanguka mahali pake, mwamuzi huita let, nao huanza upya. Wachezaji wengi hawajui kwamba maana yake mpira umezuiwa. Na katika pasi ya Mwingereza, hata ya leo, serikali yake yawaomba na kuwataka wote wahusikao wamwache mwenye pasi apite without let or hindrance, yaani pasipo kukawishwa wala kuwekwa nyuma. Pasi za nchi kadhaa zilizokuwa chini ya Uingereza zimeurithi usemi huo.

Sasa turudi kwa Farao, maana ndipo swali la katekista lilipoanzia, na kwa maoni yangu ndipo penye utajiri.

Musa amemwambia Farao: waache watu waende. Farao amejibu kwa swali: kwa nini ninyi mnawazuia watu? Katika Kiingereza kile cha kale ni neno moja lililorushwa na kurudishwa, kama mpira. Na haikuwa hila ya watafsiri. Kila mmoja alisema kweli kadiri ya njia aliyokuwa akiitazama. Machoni pa Musa palikuwa na njia moja, ya kutoka Misri kwenda jangwani, na Farao amelala juu yake kama gogo. Machoni pa Farao palikuwa na njia nyingine, ya kutoka kwenye shimo la udongo hadi kwenye ghala zake, matofali yakipita asubuhi na jioni, na Musa amekuja kusimama katikati. Kwa Farao mwenye kuzuia ni Musa. Naye asadiki kabisa.

Mara ngapi tumeyasikia haya! Mwenye duka asiyelipa watumishi wake huwaita wakorofi wanaozuia biashara siku wanapodai. Mume aliyekula mali ya nyumba husema mkewe anamzuia kuendelea, kwa kuwa ameuliza fedha ziko wapi. Azuiaye ndiye apigaye kelele kwanza kwamba amezuiwa, na mara nyingi hasemi uongo, ila hataki kuitazama njia ya mwenziwe.

Lakini msomeni Farao mpaka mwisho wa sura ile. Baada ya kuwashitaki Musa na Haruni kwamba wanazuia kazi, yeye mwenyewe afanya nini? Siku ile ile aamuru watu wasipewe majani ya kuchanganya na udongo, na hesabu ya matofali isipunguzwe. Watu wakatawanyika nchini kote kuokota mabua, kazi ikasimama, wanyapara wa Kiisraeli wakapigwa. Nani basi aliyezuia kazi? Ni yeye aliyelia kwamba kazi yazuiwa.

Hata hivi isidhaniwe kwamba kuzuia ni kubaya sikuzote. Mama ashikaye mtoto asitumbukie kisimani amemzuia, na tunamsifu. Mtume Paulo, katika barua yake ya pili kwa Wathesalonike, sura ya 2, ataja fumbo la uovu lililokwisha kuanza kazi, ila yupo azuiaye hata atakapoondolewa. Watafsiri wa 1611 walitumia hapo neno letu hilihili kwa huyo azuiaye. Wakatoliki Waingereza waliochapa Agano Jipya lao huko Reims mwaka 1582 walifuata Kilatini, wakasema yule ashikaye. Walipolirekebisha Agano Jipya mwaka 1881, Waingereza waliliondoa let mahali pale, kwani watu walikuwa wakilisoma kinyume. Mzuiaji huyo ni nani? Tertuliano alidhani ni dola ya Roma. Agostino, mtu mwenye akili kupita wengi, alikiri waziwazi katika kitabu chake cha Mji wa Mungu kwamba hajui Mtume alimkusudia nani. Lakini maana ya jumla ni wazi: yako maovu ambayo hayajafika kwetu kwa sababu yuko mtu, ama kitu, kimesimama njiani.

Hapo ndipo swali kubwa linapojitokeza. Ikiwa azuiaye uovu afanya mema, je, asiyeuzuia afanya nini? Je, kutozuia ni kuruhusu?

Wengi tulijifunza katika Katekisimu njia 9 za kushiriki dhambi ya mwingine. Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, alizieleza alipojadili habari ya wizi: ni nani, mbali na mwizi mwenyewe, apaswaye kurudisha mali iliyoibwa? Awataja aliyeamuru, aliyeshauri, aliyekubali, aliyesifu, aliyemficha mwizi, aliyegawiwa, aliyenyamaza, asiyezuia na asiyefichua. Wa 8 katika hesabu hiyo ndiye mtu wetu: kwa Kilatini huitwa non obstans, asiyesimama mbele. Hakuiba. Hakupokea hata kuku mmoja. Alikuwapo tu, akaacha.

Lakini Toma hakuwa mtu wa kutupa mzigo ovyo juu ya mabega ya watu. Alisema asiyezuia hafungwi sikuzote kulipa. Hufungwa ikiwa aliweza kuzuia, na ikiwa kuzuia kulikuwa wajibu wake kwa cheo chake, kama wakuu wa nchi walio na wajibu wa kuwakomesha wanyang’anyi. Mpita njia aonaye wezi 5 wenye mapanga usiku hana deni la namna hiyo. Mlinzi aliyelipwa mshahara alinde, akafumba macho, anadaiwa hadi ndururu ya mwisho. Napenda kipimo hiki, kwani chatuokoa na makosa 2: la yule asemaye “si shauri langu” mbele ya kila jambo, na la yule ajitesaye moyo kwa maovu ya dunia nzima ambayo hakuwa na mkono wa kuyafikia.

Iko habari ya kweli ambayo humo kuruhusu na kuzuia vilifungamana mpaka mtu asiweze kuvitenga. Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi uliingia Ayalandi, kisiwa kilichokuwa chini ya serikali ya London. Hesabu ya mwaka 1841 ilikuwa imeonyesha watu zaidi ya milioni 8, na maskini wengi mno miongoni mwao waliishi kwa viazi tu. Viazi vikaoza ardhini. Waziri mkuu wa wakati ule, Robert Peel, alinunua mahindi Marekani kwa siri ili kusaidia. Lakini katikati ya mwaka 1846 serikali ikabadilika, na Charles Trevelyan, mkubwa wa makarani wa hazina, aliyekuwa ameshika kazi za msaada tangu zamani za Peel, akawa na sauti kubwa kuliko kwanza. Watu hawa walishika fundisho lililovuma sana siku zile, nalo lilikuwa na jina la Kifaransa: laissez faire, acheni mambo yaende. Serikali isiingilie biashara ya chakula. Bei itajitengeneza yenyewe. Basi shayiri, siagi na ng’ombe viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza, na bandari hazikufungwa. Yafaa tuseme ukweli wote: mwaka 1847 nafaka iliyoingia ilikuwa nyingi kuliko iliyotoka. Lakini aliyekosa viazi alikosa na fedha pia, na nafaka iliyo dukani hailiwi na asiye na senti. Hadi mwaka 1852 walikuwa wamekufa watu wapata milioni 1, na zaidi ya milioni nyingine walikuwa wamevuka bahari.

Je, wale wakubwa waliwazuia Waayalandi wasile? Wangaliapa kwamba hapana. Waliacha tu. Lakini kuiachilia meli itoke ni kumzuia mwenye njaa asifikie shehena yake. Mlango ni mmoja; ukifunguka kwa huyu wafungwa kwa yule. Tena walikuwa na uwezo, nao walikuwa wenye cheo. Kwa kipimo cha Toma, sioni jinsi wanavyoweza kuponyoka.

Liko jambo dogo katika msiba ule ambalo latuelekeza mahali ninapotaka kufika. Serikali ilianzisha kazi za barabara ili wenye njaa wapate ujira. Mwezi wa Oktoba 1846, katika jimbo la Cork, mfanyakazi mmoja alianguka akafa kazini, hali akidai ujira wa zaidi ya juma moja uliokuwa haujaletwa. Baraza lililochunguza kifo chake likaamua kwamba alikufa kwa njaa, na kwamba kosa ni la uzembe wa ofisi ya kazi zile. Hakuna aliyemnyima ujira wake. Ulichelewa.

Mwaona, basi, kwa nini nilisema kwamba tutalirudia lile shina la neno. Waingereza wa kale, walipotafuta neno la kuzuia, hawakufikiri gogo wala ukuta. Walifikiri kuchelewa. Labda walijua kutoka maishani mwao kwamba ukuta si njia ya kawaida ya kumzuia mtu. Ukuta huonekana, aliyezuiwa na ukuta huupigia kelele, huenda akautafutia ngazi. Bali aambiwaye “kesho” hana cha kukipigia kelele. Ameahidiwa, hata hukushukuru, akaenda zake.

Nalisema hili kwa sababu nilikuwa mimi mwenyewe karani kijana katika parokia moja kando ya ziwa, nisiyotaka kuitaja. Siku moja alinijia kijana, naye amepata nafasi katika shule ya ualimu ng’ambo ya ziwa. Walimtaka alete cheti cha ubatizo. Kitabu cha wabatizwa kilikuwa nyuma yangu katika kabati. Kulitafuta jina lake, kuandika na kupiga muhuri ni kazi ya dakika 10. Nilikuwa nikipanga hesabu za michango, nami sikupenda kukatizwa. Nikamwambia aje kesho. Alikuja kesho yake, nikawa na wageni. Siku ya 3 nilikuwa na hamu ya kwenda zangu mapema. Siku ya 4 nilimwandikia cheti kizuri sana, kwa mwandiko wa kujivunia, lakini meli ya juma lile ilikuwa imekwisha kung’oa nanga asubuhi. Juma lililofuata alipofika, kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine.

Sikuwahi kuliungama kosa hilo kwa miaka mingi, kwa sababu sikuliona. Nilijitafuta moyoni katika amri zote 10, wala sikuona nilipomdhulumu. Sikumnyima cheti. Sikumdai hongo. Kama ungaliniuliza kama nilimzuia asisome, ningalikasirika. Yeye hakunilaumu kamwe. Akawa mvuvi wa ndagala, na hadi leo tukikutana pwani hunisalimu kwa heshima, “Shikamoo, Mwalimu,” huniuliza habari za nyumbani, nami najibu. Heshima ile ndiyo inayonichoma. Maana nilikuwa na uwezo, na ile kalamu ilikuwa wajibu wangu wa kila siku. Nami nilimzuia kwa njia ile isiyokuwa na gogo wala kisiki. Kwetu tungesema nilimkawisha tu. Lile neno la kale la Kiingereza halina nafasi ya hilo “tu”.

Mmoja ataniuliza kama yapo basi maneno yaliyogeuka kutoka kuzuia kwenda kusaidia, tusikie na habari njema. Lipo jirani yake lililokwenda kinyume cha hapo, nami nalitaja kwa kifupi. Waingereza wasema prevent kwa maana ya kuzuia. Asili yake ni Kilatini praevenire, kutangulia. Zamani walilitumia hata katika sala, wakimwomba Mungu awatangulie katika matendo yao yote; na Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulifundisha kwa neno hilohilo la Kilatini kwamba neema ya Mungu hututangulia kabla hatujaweza kumgeukia. Lakini kwa watu mtu akutanguliaye njiani si sikuzote akufungulia mlango. Mara nyingi zaidi hufika kwanza apate kuufunga. Kwa hiyo, pole kwa pole, kutangulia kukawa kuzuia. Neno halikuharibika lenyewe. Liliharibiwa na tabia za watangulizi.

Haya yote nilimweleza katekista wangu, si kwa mpango huu, bali kidogo leo na kidogo kesho, kila alipopita na ile Biblia yake. Habari ya cheti nilimweleza pia, ingawa kwa shida. Alisikiliza, akanyamaza, akaaga. Baada ya siku chache alirudi, na safari hii hakuwa na swali. Alikuwa ameendelea kusoma kitabu cha Kutoka hata sura ya 8, pale vyura walipoijaza nchi ya Misri, wakaingia katika vitanda na meko na vyombo vya kukandia unga. Farao amewaita Musa na Haruni, ameomba vyura waondolewe, na Musa amempa heshima ya kuchagua mwenyewe saa ya kuondolewa kwao.

“Mwalimu,” aliniambia, huku kidole chake kiko juu ya mstari, “mtu analala na vyura kitandani. Aulizwa ataka waondoke lini. Naye, yeye mwenyewe, ajibu: kesho.”